Masizi Usoni: Mwindaji Hujificha Machoni pa Nani?

Mwaka 1451, huko Penshurst katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, kundi la wanaume lilivamia pori la kulungu lililozungushiwa uzio, mali ya Duke wa Buckingham. Walikuwa wamejipaka mkaa usoni na kubandika ndevu ndefu za bandia, na walijiita watumishi wa Malkia wa Majini. Wakabeba kulungu, wakaondoka zao. Miaka 34 baadaye, mwaka 1485, Henry wa Saba alipotwaa kiti cha ufalme, Bunge lilitunga sheria dhidi ya uwindaji haramu misituni, na sheria hiyo ikawataja waziwazi watu wanaowinda usiku, au waliopaka nyuso zao rangi, au waliovaa vinyago. Kisha ikaja iliyo kali kuliko zote. Mwaka 1723, baada ya magenge ya majangili kusumbua misitu ya mfalme huko Windsor na mapori ya kulungu ya Waltham katika Hampshire, Bunge likapitisha sheria ambayo historia inaikumbuka kwa jina la Black Act. Mtu aliyekutwa porini ana silaha na uso umepakwa weusi alistahili kunyongwa, hata kama hajamgusa mnyama. Sheria hiyo ilidumu miaka 100, hadi sehemu yake kubwa ilipofutwa mwaka 1823.

Majangili hawa ndio wanaopaswa kutangulia katika historia ya rangi ya usoni, kwa sababu kesi zao zinaonyesha jambo ambalo wauzaji wa rangi hizo leo hawalisemi. Masizi yale hayakupakwa kwa ajili ya kulungu. Yalipakwa kwa ajili ya mlinzi wa msitu, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa kijiji kilekile, anayemjua kila mmoja kwa sura na kwa jina la baba yake. Ndevu za bandia hazimsaidii mtu yeyote kumkaribia mnyama. Zinamsaidia asitambuliwe mahakamani. Bunge nalo lilielewa hivyo, ndiyo maana likauhukumu uso uliofichwa kabla ya kuuhukumu mshale au bunduki. Mwanahistoria E. P. Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya sheria hiyo, aliitazama kama vita vya kugombea mali na mamlaka msituni, na kwa mtazamo huo masizi yalikuwa silaha ya mnyonge. Mtu anaweza kupinga kwamba weusi uleule uliomchanganya mlinzi ungeweza pia kumchanganya kulungu. Huenda ulisaidia kidogo, kama kila kitu cheusi kinavyosaidia gizani. Lakini faida hiyo ilikuja kwa bahati tu. Tangu mwanzo uso wa mwindaji ulifichwa kwa kufuata jicho la binadamu, na makosa mengi ya kuchagua rangi za kuwindia hadi leo yana mzizi hapo.

Hatua iliyofuata ilitoka Scotland, na ilitoka kwa watu ambao kweli walikuwa wakimfikiria mnyama. Kwenye milima mitupu ya kaskazini mwa nchi hiyo, watumishi wa mashamba makubwa walikuwa na kazi ya kumpeleka tajiri karibu na kulungu mwekundu kwenye eneo lisilo na mti hata mmoja. Walitambaa kwenye mifereji na majani, wakasoma upepo na kukagua mlima mzima kwa darubini kabla ya kuinua goti. Mwaka 1900 Lord Lovat alikusanya watu wa aina hii kuunda kikosi cha Lovat Scouts kwenda kupigana na Makaburu Afrika Kusini, na mwaka 1916 kikosi hicho kikazaa kundi la walenga shabaha katika Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa. Vazi la matambara na nyuzi linalomfanya mtu aonekane kama kichaka, ambalo wawindaji na askari wanalivaa hadi leo, linatokana na watu hao. Walilibuni kwa ajili ya kulungu, lakini lililikuza jina lake mbele ya Wajerumani.

Katika vita hivyo uso wa binadamu ulipata mtihani mkali. Hesketh-Prichard, mwindaji wa wanyama wakubwa aliyegeuka mwalimu wa walenga shabaha wa jeshi la Uingereza, alieleza baadaye jinsi walivyotumia vichwa bandia vilivyofinyangwa kwa karatasi na gundi na kupakwa rangi ya mtu hai. Kichwa kiliinuliwa taratibu juu ya ukingo wa handaki. Wakati mwingine kilipachikwa sigara mdomoni, na askari aliyejibanza chini akaivuta kwa mpira mrefu ili moshi utoke kama wa mtu anayepumzika. Mlenga shabaha wa Kijerumani alipopiga, risasi iliacha tundu mbele na tundu nyuma. Wakachungulia kwa kufuata mstari wa matundu hayo mpaka wakajua risasi imetoka wapi. Hila hii ilifaulu kwa sababu jicho la binadamu limezoea kutafuta sura ya binadamu. Katika ukuta wa udongo na magunia, kitu cha kwanza kinachoonwa ni macho mawili, pua na mdomo. Askari waliokwenda kuvamia mahandaki usiku nao walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, na hapo tena anayekwepwa alikuwa mtu.

Nadharia yenyewe ya kujificha kwa rangi ilianza na mchoraji. Abbott Thayer wa Marekani, mwaka 1896, alieleza kwa nini wanyama wengi wana mgongo wa rangi nzito na tumbo jeupe. Mwanga wa jua huangaza juu na kuacha kivuli chini, na kivuli hicho ndicho kinachomjulisha mtazamaji kwamba kitu kina unene. Ngozi ikiwa nzito juu na nyepesi chini, kivuli kinafutika, na mnyama anaonekana bapa, kana kwamba hayupo. Ni ugunduzi mzuri. Tatizo la Thayer ni kwamba hakujua pa kusimama. Katika kitabu alichotoa pamoja na mwanawe mwaka 1909 alifika mahali pa kudai kwamba karibu kila rangi ya kila mnyama ni ya kujificha, hata waridi la heroe, ambalo kwa maoni yake lilifanana na anga ya machweo.

Mwaka huohuo, mwezi Aprili, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa akiwa ametoka tu kwenye urais, akaenda kuwinda katika nyika za Kenya ya leo na kwingineko. Aliporudi alimshambulia Thayer kwanza katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1910, halafu katika makala ndefu ya mwaka 1911. Pundamilia na twiga, alisema, wanaonekana kutoka mbali sana, na simba anayenyemelea hategemei rangi zao kuwakosa au kuwapata. Mwendo wa mnyama ndio unaomfichua. Pingamizi hili halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa lilitoka kwa mtu aliyekaa porini miezi mingi, na kuhusu mwendo alikuwa sahihi kabisa. Mwindaji anayegeuza kichwa ghafla hana rangi itakayomwokoa. Lakini Roosevelt naye alipima kwa jicho lake mwenyewe. Alimtazama pundamilia mchana kweupe, akiwa amesimama wima, kwa macho ya binadamu yenye uwezo mkubwa wa kutofautisha rangi na kuona mbali, kisha akatoa hukumu juu ya anachokiona simba gizani. Thayer alikosea kwa kuliamini jicho la mchoraji, Roosevelt akakosea kwa kuliamini jicho la mpiga bunduki, na wote wawili hawakuuliza simba anaona nini.

Mwanazuolojia Hugh Cott wa Uingereza ndiye aliyesawazisha mambo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1940, akatofautisha kufanana na mazingira na kuvunja umbo. Mabaka yanayokatiza ukingo wa mwili hulifanya jicho lisiweze kuunganisha vipande kuwa mnyama mmoja. Alionyesha pia kwamba jicho lenyewe, kwa kuwa ni duara jeusi linalong'aa, ni kitu kigumu sana kukificha, na kwamba chura, samaki na ndege wengi wana mstari mweusi unaopita katikati ya jicho na kulimeza. Cott alifundisha wanajeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na maarifa ya aina hii, ya kwake na ya Thayer, yakaingia katika vitabu vya mafunzo. Kanuni ya uso katika miongozo ya jeshi la Marekani ni Thayer mtupu: rangi nzito ipakwe sehemu zinazochomoza na kung'aa, yaani paji la uso, pua, mifupa ya mashavu, masikio na kidevu, rangi nyepesi ipakwe sehemu zenye kivuli, yaani kuzunguka macho, chini ya pua na chini ya kidevu. Rangi zilikuja kwa vijiti vyenye pande mbili: udongo mweusi na kijani hafifu kwa msitu wenye majani, mchanga na kijani hafifu kwa nchi kavu, udongo na nyeupe kwa theluji. Miongozo hiyo ikaongeza onyo ambalo wengi hawalitarajii, kwamba hata ngozi nyeusi sana huakisi mwanga kwa sababu ya mafuta yake ya asili. Hapa ndipo panapojibiwa dhana kwamba rangi ya usoni ni shida ya Mzungu tu. Paji la uso lenye jasho humeta juani, liwe la mtu gani, na mmeto huo huonekana kutoka mbali kuliko rangi ya ngozi.

Vita vilipokwisha, shehena za kombati za madoa zilizotengenezwa kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki ziliuzwa kwa bei ya chini madukani Marekani, na wawindaji wa bata wakazinunua. Mchoro wenyewe ulikuwa kazi ya Norvell Gillespie, mtaalamu wa bustani, na ulikusudiwa kuwakwepa askari wa Kijapani. Kutoka hapo biashara ikapanuka. Jim Crumley wa Virginia alichora magome ya miti kwenye nguo. Mwaka 1986 Toxey Haas wa Mississippi alianzisha Mossy Oak, akapeleka kwenye kiwanda cha nguo mfuko wa majani, vijiti na udongo kutoka msituni kwake ili vigeuzwe kitambaa. Mwaka huohuo Bill Jordan wa Georgia akaanzisha Realtree. Barakoa za wavu na rangi za usoni zikafuata mitindo hiyo. Ni nguo nzuri, na anayezishika dukani huvutiwa na jani lililochorwa hadi mishipa yake. Ila anayezishika dukani ni mtu. Jani lenye mishipa huonekana kwa hatua mbili. Kwa hatua 30 madoa madogo huungana kuwa kijivu kimoja, hata kwa jicho la binadamu, sembuse la kulungu.

Jicho la kulungu lilipimwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa macho Jay Neitz na Gerald Jacobs, wakishirikiana na wanasayansi wa wanyamapori wa Chuo Kikuu cha Georgia, walipima mwitikio wa jicho la kulungu wa mkia mweupe kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 1994. Binadamu ana aina tatu za chembe za kutambua rangi. Kulungu ana mbili tu. Moja huitikia zaidi mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi, nyingine huitikia mwanga wa kijani wa nanomita 537 hivi. Hana ya rangi nyekundu. Kwake rangi ya chungwa ya fulana za usalama haiwaki kama inavyowaka kwetu, ilhali suruali ya jinsi ya buluu inaonekana vizuri sana. Ukali wake wa kuona ni mdogo kuliko wetu, lakini macho yako pembeni mwa kichwa na yanaona karibu pande zote, tena yana uwezo mkubwa alfajiri na jioni, saa ambazo mwindaji yuko kazini.

Uso wa mwindaji basi unaonekanaje mbele ya macho hayo? Kulungu hasomi pua na mdomo kama alivyosoma mlenga shabaha wa Kijerumani. Anaona baka jepesi, au baka linalometa, mahali ambapo pote ni pazito, na baka hilo linasogea. Kwa mnyama huyu kijani na kahawia kwenye kijiti cha rangi havina maana ya kugombania. Chenye maana ni uzito wa rangi, yaani nyepesi dhidi ya nzito, na mmeto ufe. Mkaa wa majangili wa Kent, kwa bahati, unatosha kwa nusu ya kazi hii. Haufai kupakwa uso mzima, kwa sababu msitu wa mchana hauna duara jeusi tupu, na uso uliopakwa weusi mtupu hubaki na umbo la uso. Mwindaji aliyepanda juu ya mti ana shida tofauti tena. Kulungu anamtazama kutoka chini, nyuma yake kuna anga, na hapo weusi unamsaliti. Anahitaji mabaka mepesi zaidi kuliko mwenzake aliyeketi kwenye kivuli cha shina.

Wapo wanaosema rangi ya usoni haina haja, na pingamizi lao la kwanza lina nguvu. Picha za wawindaji wa Michigan na Maine wa miaka ya 1930 zinawaonyesha wamevaa makoti ya sufu ya miraba mikubwa, nyekundu na nyeusi, nyuso wazi, na kulungu wamening'inia nyuma yao. Kama hawakuhitaji rangi, nani anaihitaji? Jibu liko kwenye picha zenyewe. Wekundu wa koti ni kijivu machoni pa kulungu, na miraba mikubwa huvunja umbo la mtu kuliko majani madogo ya dukani. Zaidi ya hayo wengi walikuwa na bunduki, na mwenye bunduki anapiga akiwa mbali. Haja ya kuuficha uso iliongezeka upinde uliporudi. Kurudi kwake kunahusishwa na Ishi, mtu wa mwisho wa jamii ya Wayahi wa California, aliyetokea Oroville mwaka 1911 na kufariki mwaka 1916. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza upinde kwake, akaandika kitabu mwaka 1923, na mwaka 1925 alikuja Tanganyika pamoja na Art Young na Stewart Edward White kujaribu mishale kwa simba. Mwaka 1934 Wisconsin ikafungua msimu rasmi wa upinde. Mwenye upinde hupiga akiwa ndani ya hatua 30 au chini yake, na wakati wa kuvuta uzi uso wake na mkono wake viko mbele, wazi.

Ishi huyohuyo ndiye shahidi wa pingamizi la pili, kwamba harufu inashinda rangi. Pope alieleza kwamba kabla ya kuwinda Ishi hakula samaki wala kuvuta tumbaku, na asubuhi alioga kijitoni na kujisugua majani yenye harufu ya msitu. Ni kweli, upepo ukikugeuka rangi haikusaidii. Lakini mwenye hoja hii anachanganya mambo mawili. Upepo huamua kama kulungu atafika. Uso huamua kitakachotokea akishafika na kusimama akitazama. Harufu ina ubaya mmoja zaidi kwa mpaka rangi: rangi nyingi za usoni zinanukia mafuta na manukato, na katika hilo mkaa mkavu una heshima yake.

Bata mzinga wa mwituni anaipindua sehemu ya hesabu hii. Mapema karne ya ishirini alikuwa ametoweka katika majimbo mengi ya Marekani. Leo wapo kwa mamilioni baada ya kuhamishwa na kurudishwa, na uwindaji wake wa masika ndio soko kubwa la barakoa na rangi. Ndege ana aina nne za chembe za kutambua rangi, anaona vizuri kuliko kulungu, na hana pua ya kumwonya, kwa hiyo anategemea macho yake yote. Kwake kijani kisichofanana na kijani cha jirani ni kosa. Hapa kuchagua rangi kwa kufuata majani ya msimu kuna maana kamili: kijani hafifu cha Aprili si kahawia cha Novemba. Ila kuna rangi tatu ambazo mwindaji wa bata mzinga hatakiwi kuwa nazo usoni wala mwilini, nazo ni nyekundu, nyeupe na buluu, kwa sababu ndizo rangi za kichwa cha dume. Mwindaji mwenzake, akisikia mlio wa bata na kuona doa jekundu au jeupe kichakani, anaweza kufyatua. Wenye busara huketi wamegemea shina pana kuliko mabega yao. Katika uwindaji huu jicho la binadamu linarudi kwenye hesabu, na safari hii mwindaji anataka limtambue.

Je, mabaka yapakwe vipi? Jaribio zuri kuliko yote lilifanywa karibu na Bristol na kuchapishwa mwaka 2005 na Innes Cuthill, Martin Stevens na wenzao. Walitengeneza nondo bandia wa karatasi wenye umbo la pembetatu, wakawachapa ruwaza za gome la mwaloni, wakawapachika kwenye miti na funza aliyekufa kama chambo kwa ndege. Nondo waliokuwa na mabaka yanayogusa na kukatiza ukingo waliliwa kidogo kuliko wale wenye mabaka yaleyale katikati tu. Utafiti wa mwaka uliofuata ukaonyesha mpaka wake: tofauti kati ya nyepesi na nzito ikizidi iliyopo kwenye mti, faida inapungua. Kwa uso maana yake ni kwamba baka livuke taya liingie shingoni, livuke mstari wa nywele na sikio, na jingine likatize jicho kama alivyoona Cott. Anayepaka mistari miwili safi juu ya mashavu, kama mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ameacha ukingo wote wa uso ukiwa mzima.

Barakoa ya wavu ni rahisi kuvaa na kuvua, haichafui mto wa kulalia, na huficha shingo na masikio kwa mkupuo. Ubaya wake ni kwamba huteleza mbele ya jicho wakati wa kuvuta upinde na hugusana na uzi, ndiyo maana wenye upinde wengi hurudi kwenye rangi, na wenye bunduki ya bata mzinga, wanaokaa muda mrefu bila kusogea, hubaki na wavu. Barakoa hufuliwa pia, na hapo historia ya jicho la kulungu inaingia kwenye beseni: poda nyingi za kufulia zina kemikali za kung'arisha nguo, zinazogeuza mwanga usioonekana kwetu kuwa buluu, rangi ambayo kulungu anaiona vizuri kuliko nyingine. Kitambaa kinachoonekana safi mbele ya mwenye nyumba kinaweza kumeta mbele ya mnyama saa kumi na mbili alfajiri. Anayechagua wavu achague pia sabuni isiyo na kemikali hizo.